Mama alisema "nishapoa", mimi nikakasirika

Asubuhi ya pili ya msiba nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni kwa mama, mgongo ukutani, mguu mmoja umekufa ganzi, na pale mlangoni kandambili zishakuwa nyingi mpaka mtu akitaka kutoka anabahatisha tu. Akaingia mama mmoja mtu mzima, simjui, kajitanda kanga na jasho linamchuruzika, akawa anapita anashika watu mikono mmoja mmoja mpaka akafika kwetu. Akachuchumaa. Akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Pole mwanangu."

Mama akasema, "Nishapoa."

Baba tulimzika jana yake baada ya Alasiri. Hata siku moja haijatimia.

Nikamgeukia mama nikamtazama usoni, nikidhani labda sikusikia vizuri. Uso mkavu. Akaja mwingine, "Pole dada," mama, "Nishapoa." Wakaja watatu kwa mpigo wametoka Muheza na gari la saa kumi na mbili, "Poleni jamani," mama na mashangazi kwa pamoja kama wanaitikia dua, "Tushapoa." Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, nikafika thelathini na kitu nikaacha, kwa sababu kila nikisikia lile neno kuna kitu kinanipanda kifuani na siyo huzuni.

Ilikuwa hasira. Nilimkasirikia mama yangu mfiwa, kwa kosa la kujibu salamu.

Asante ya nini

Mimi nilipopewa pole nilikuwa nasema "asante". Nimekaa Dar miaka kumi na moja na huko ndo jibu lake, ukipewa pole unasema asante, ukizidisha unasema asante sana, mambo yanaisha. Shangazi yangu mkubwa, yule ambaye kila familia ya Tanga lazima iwe naye, alinivumilia kama mara nne hivi, ya tano akaniinamia sikioni.

"Asante ya nini wee? Wapewa zawadi?"

Jamani. Msibani watu wanacheka pia, msidanganywe, na mimi nilicheka mpaka nikaficha uso kwenye kanga na wale wa upande wa pili wakadhani nalia, mmoja akaniambia "jikaze mwanangu" nikazidi kucheka. Lakini kicheko kilipoisha nikabaki na swali. Nilijua vizuri kwamba jibu la pole ni nishapoa, nimezaliwa Ngamiani mimi, Tanga mjini, kwenye zile barabara zenye namba, na kila mtoto pale akijikwaa akaambiwa pole anafundishwa kujibu nishapoa huku kamasi zinamtoka na goti linavuja damu. Kwa goti nilikuwa sina tatizo nalo.

Kwa baba ndo lilinigomea.

Nilikuwa naona kama nikilisema ninamwandikia baba barua ya kumuaga, kwamba yameisha, endelea na safari yako, sisi huku tushapoa. Nikakataa. Siku zote tatu sikulisema hata mara moja. Nilipoona mtu anakuja na mkono umenyooka nilikuwa naitikia kwa kichwa tu, na wenye heshima zao wakaniacha, wakaona binti wa watu kachanganyikiwa.

Neno la watu wa kazi

Nilirudi Dar wiki ya pili. Kwenye basi tulipopita Segera, machungwa yanaingizwa dirishani na kila mtu anapigania chenji yake, bado nalifikiria. Na nikafika nikakuta linanifuata, kwa sababu hebu hesabu mwenyewe kwa siku moja unasema pole mara ngapi. Pole na kazi. Pole na foleni. Pole na mvua, pole na masomo, poleni na majukumu, pole na safari, pole na mgonjwa. Mlinzi wa getini namwambia pole na kazi asubuhi, na jioni yeye ananirudishia. Neno lile lile, bila hata kulibadilisha nguo, ndo tunalopeleka kwa mtu aliyefiwa na mume wa miaka thelathini na nane.

Hilo nalo liliniudhi kwa muda. Nikaona kama lugha yetu imefanya uvivu, msiba haukustahili neno lake wenyewe?

Ofisini kwetu kuna kijana wa Kimarekani, kaja kujitolea. Siku moja alijikwaa kwenye waya wa kompyuta nikamwambia pole, akanijibu kwa Kiswahili chake cha darasani, "Hapana, si kosa lako." Tulicheka sote. Lakini ukifikiri, yeye kwao "sori" inafanya kazi mbili, ya kuomba radhi na ya kumhurumia mtu, na asipoangalia zinagongana. Sisi tumezitenganisha. Nikikukanyaga nakuomba samahani. Ukikanyagwa na mwingine nakupa pole. Samahani inataka kitu kwako, unisamehe. Pole haitaki kitu, na wala haiulizi nani kakukanyaga.

Ni kweli tunasema "kupa pole", "kutoa pole". Inatoka kwangu inakuja kwako. Sasa ni nini hasa kinachotoka?

Ile L

Nina mjomba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, yupo Muheza anafuga ng'ombe wawili na anawapigia wanafunzi wake wa zamani simu kuwasahihisha wanavyoandika mitandaoni (mjomba najua utasoma hii, shikamoo). Nikampigia. Nikamuuliza, pole maana yake nini. Akaniambia, "Sema zaa."

Nikasema zaa.

"Sasa mtoto anafanywaje?"

Anazaliwa.

"Hiyo L imetoka wapi?"

Nikanyamaza. Akaendelea, oa, olewa. Kaa, kalia. Twaa, twaliwa. Akasema kuna L ambayo Kiswahili kiliimeza zamani katikati ya maneno, ukilisema neno peke yake huioni lakini ukilivuta mkia inachomoza. Akaniambia nenda kusini, Wachewa wa Malawi kidonda kikifunga wanasema kimepola, na Wazulu huko chini kabisa wana "phola", ndo kitu kupoa na ndo kidonda kupona, vyote viwili. Sisi huku pwani tumebaki na poa, L imeliwa.

Ila kwenye pole haikuliwa. Ipo pale pale, wazi, kila siku tunaitamka.

Kwa hiyo pole ni poa. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kapoteza jino mwingine hajapoteza. Na ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona, mtu mpole ni mtu asiye na moto, kwenda polepole ni kwenda bila moto, chai inapoa, hasira zinapoa, jua linapoa, mgonjwa akipata nafuu wazee wanasema kapoa. Ninapokwambia pole sikupi huruma yangu uitunze. Nakupulizia. Kama mtoto kaungua kidole mama yake anavyokishika na kukipuliza, fuu, fuu, haulizi aliushika moto kwa nini.

Nilikaa na hilo siku nzima. Msiba kumbe haukunyimwa neno lake, ila kwetu kazi, safari, ugonjwa na kifo vyote tumeviweka kwenye fungu moja la vitu vinavyompandisha mtu joto. Nani alikaa akaliamua hilo sijui, lakini mtu aliyewahi kutembea juani saa saba mchana Tanga mwezi wa pili asingebisha.

Poa nyingine

Hapa lazima nimseme mdogo wangu, na ameniruhusu.

Siku ya mazishi, wanaume wametoka makaburini, yeye yupo barazani mikono bado ina udongo mwekundu kwenye kucha, simu ikaita. Rafiki yake wa Arusha, hajui lolote. "Oya, mambo vipi?" Mdogo wangu, kwa mazoea tu ya mdomo, akajibu, "Poa."

Halafu akaisikia alichosema.

Alikata simu akaingia chumba cha uani akalia mpaka Isha. Siyo kilio cha baba peke yake, ni kilio cha ile poa. Kaniambia aliona amemtukana baba yake kabla udongo haujakauka. Mimi wakati ule nilimwambia sio kitu, ni mazoea, lakini moyoni nilikuwa namwelewa kuliko mtu yeyote pale nyumbani, maana mama alikuwa anaisema ile ile mara mia kwa siku na hakuna aliyemshangaa.

Vijana wa bodaboda wakisalimiana "poa, poa kichizi", na mjane anayejibu "nishapoa" kwenye mkeka, wote wamechota kisima kimoja. Nani angedhani.

Maji

Sisi wanawake hatukwenda makaburini, tulisindikiza jeneza kwa macho mpaka kona, kwa hiyo mengine nilisimuliwa. Mdogo wangu alisema wakati wanamaliza kufukia, na udongo umeshatengenezwa ile tuta, mzee mmoja alileta maji kwenye ndoo akayamimina juu ya kaburi kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, na mchanga ukayanywa yote palepale mpaka ukatoa sauti. Anasema ile sauti ndo anayoikumbuka. Ssss. Kama baba anapochovya chuma chake cha kulehemu kwenye kitambaa kibichi.

Baba alikuwa fundi redio. Tulikua na ile harufu ya risasi inayoyeyuka, na tangazo la kila siku nyumbani kwetu lilikuwa "msishike hicho bado hakijapoa".

Mjomba nilipomsimulia habari ya maji akaniuliza, sasa marehemu tunamwombea alazwe wapi? Nikamjibu kama kila mtu, mahali pema peponi. Akaniuliza peponi ni wapi. Nikasema mbinguni. "Siyo, peponi, neno lenyewe." Akaniambia nisikilize Wasambaa huko milimani kwao, mpeho ni upepo na ndo baridi, na Wadigo hapo Mkinga baridi wanaiita peho. Upepo wetu na pepo yetu vimetoka humo humo. Watu wa nchi ya joto, walipotafuta jina la mahali ambapo mtu mwema atapumzika milele, wakapaita penye upepo.

Nilivyosikia hivyo nilikaa kimya kwenye simu mpaka akasema "halo? halo?"

Kumbe mambo yote yale tuliyokuwa tunayafanya kwa fujo, huku masufuria yanagombewa na mtu wa turubai anadai hela yake, yalikuwa yanaelekea upande mmoja. Kaburi limemwagiwa maji. Marehemu anaombewa upepo. Wafiwa wanapulizwa.

Tanzia, haraka haraka

Nilichimba na mengine, siyataji yote. Ila tanzia lazima niiseme. Kiarabu chake ni taaziya, maana yake kuliwaza, kumtia mtu subira. Sisi tukaichukua neno la faraja tukaliweka juu ya tangazo la kifo kwa herufi kubwa, mpaka leo ukifungua WhatsApp ukakuta TANZIA tumbo linakukata kabla hujasoma jina. Na jina lenyewe wakati mwingine ni kasheshe, yule aliyetangaza msiba wangu kwenye grupu la kazini alinakili tangazo la msiba uliopita akasahau kubadilisha, saa zima watu wanampa pole dada wa watu wa uhasibu ambaye baba yake mzima anakula ugali Singida.

Msiba nao ni wa huko huko. Ni kitu kilichokusibu, kilichokupata kama mshale unavyompata mlengwa, na ile aya tunayoisoma wote kila tukisikia mtu kafa, inna lillahi, kabla yake kuna hilo hilo neno, wale ambao ukiwasibu msiba husema hivyo. Na asante ya kwangu ya Dar, ile iliyomkera shangazi, imetokana na Kiarabu cha "umefanya vyema". Mtu kakupa pole, umemwambia umefanya vyema. Siyo mbaya. Lakini shangazi alikuwa na haki, hujamjibu, umempa maksi.

Kupooza

Sasa nirudi kwa mama, maana asili ya neno nilishaijua na bado usiku nilikuwa silali.

Kilichokuwa kinanitisha, nikisema ukweli, mama alikuwa halii. Tangu baba alipokata roho alfajiri ile mpaka siku ya tatu sikumwona na chozi. Anapokea mikono, anajibu nishapoa, anauliza wageni wamekula, anaulizia pilau imebaki kiasi gani. Na kuna watu walikuja kumpa pole halafu wakikaa kidogo wanavuta pumzi, "Mama samahani, kuna redio yangu ya kijani nilimwachia mzee…" Anawajibu kwa utulivu kabisa, subirini tuanue tanga tutatazama. Redio za watu zilikuwa sita.

Kitu kikipoa kupita kiasi Kiswahili kina neno lake pia. Kimepooza. Mkono umepooza. Biashara imepooza. Ni herufi chache tu zinatenganisha mtu aliyepoa na mtu aliyepooza, na mimi nikimtazama mama pale mkekani nilikuwa siwezi kuapa yupo upande gani. Nilikuwa naogopa kwamba kila nishapoa anayoisema inamsogeza. Kwamba pole mia tatu zinaweza kumgandisha mtu.

Makiwa

Siku ya tatu baada ya hitima, wageni wa mbali washaanza kuondoka (waja leo waondoka leo, siku hizi ni watu wa bara ndo wanaotufanyia hivyo, wamefika na basi la asubuhi wamerudi na la mchana), akaletwa bibi mmoja wa barabara ya nyuma. Kaletwa, kwa sababu haoni vizuri, kashikwa mkono na mjukuu. Huyu alimjua baba akiwa mtoto anauza karanga. Hakusema pole. Alifika mbele ya mama, akapapasa mpaka akaupata uso wake, akasema neno moja.

"Makiwa."

Wasichana waliokuwa wanaosha vyombo wakaangaliana, mmoja akauliza kwa sauti ya chini "kasemaje?" Mimi nililijua kwa mbali, kutoka kwa wazee, halijasemwa nyumbani kwetu miaka.

Mama hakusema nishapoa.

Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Halafu kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mama yangu, cha chini kabisa, kama kiti kizito kinaburutwa sakafuni, na yule bibi akakaa palepale akamlaza mapajani, mtu mzima wa miaka sitini kalazwa mapajani kama mtoto, na hakuna mtu chumbani aliyesema jikaze.

Makiwa inatoka kwenye ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, hana mtu wake. Jirani yetu mkatoliki aliyekuwa anatusaidia kupika aliniambia neno hilo lipo mwanzo kabisa wa Biblia yao, mstari wa pili, "nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu". Kabla hata nuru haijawa. Hiyo ndo hali anayoambiwa mfiwa kwamba anaonekana yupo nayo.

Zamani baba alitupeleka Tongoni, kusini ya mji, kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Tongo lenyewe ni mahame, mahali watu walikaa wakapaacha. Mwaka ule mimi nilikuwa darasa la tano, nikaona kwenye nguzo za makaburi kuna vishimo vya mviringo, nikauliza ni vya nini, baba akasema vilikuwa na bakuli za Kichina, wenyewe walizijengea humo ziwe pambo la marehemu wao, wengine wakaja wakazibandua. Kimebaki kishimo chenye umbo la bakuli. Niliingiza ngumi yangu ikaenea.

Bibi yule alivyosema makiwa ndo nilichokiona. Hakupuliza. Aligusa pale kilipobanduliwa kitu.

Moto wa mgeni

Kwa hiyo nikawa na jibu zuri sana kichwani, kwamba makiwa ndo neno la kweli na pole ni la adabu tu, na nikalipeleka kwa shangazi kwa simu nikijiona mtaalamu. Nikamwambia kwa nini basi tunasema nishapoa wakati ni uongo.

Akaniuliza, "Ukibisha hodi kwangu nikakwambia karibu, wajibu nini?"

Nishakaribia.

"Na uko wapi wakati huo?"

Nje. Mlangoni. Viatu miguuni.

"Waongopa?"

Nikakosa la kusema. Nikajaribu kujitetea, nikasema ile ni salamu shangazi, huku mtu kafiwa. Akanikatiza, na hapa naandika kama alivyosema kwa sababu nimeliwaza tangu siku ile:

"Mtu katoka Pongwe na jua lote lile, kaacha kazi yake, kaja na moto wake, baba yako alikuwa rafikiye huyo. Kakupa baridi aliyokuwa nayo, kidogo hiyo hiyo. We wamwambia nini sasa, haikufika? Arudi nayo? Wamwambia nishapoa ili na yeye ende akalale."

Mimi siku zote nilikuwa namtazama mama kama anayepokea. Nikaanza kuzikumbuka zile sura za waliokuwa wanachuchumaa mbele yake, yule mama wa kwanza na jasho lake, wazee waliokuwa wanatetemeka mikono, fundi mwenzake baba aliyeshindwa hata kumaliza neno, akasema "po…" akaishia hapo, na mama akamwahi, "Nishapoa baba, nishapoa, kaa upate kahawa." Yule mzee mabega yalishuka. Nililiona lile na nilikuwa nimekasirika mno kulitazama vizuri.

Sijui kama nimekubali moja kwa moja. Bado naona kuna watu wanajificha nyuma ya lile neno, na bado sina hakika mama hakuwa mmoja wao kwa zile siku mbili. Shangazi anasema makiwa ni ya mtu mmoja au wawili wenye haki ya kulisema, huwezi kuambiwa makiwa na watu mia tatu ukabaki mzima, ndo maana ipo pole. Labda.

Jumapili iliyopita

Mama yupo eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, kwa hiyo simu ndo imekuwa baraza lake. Jumapili usiku alinipigia, kwa nyuma nasikia redio ya baba ipo hewani, ile ambayo haina kifuniko na lazima uishike kwa namna yake ndo ikamate. Nilikuwa nimetoka kufua, kesho kazi.

"Pole na kazi mwanangu."

"Nishapoa mama."

Lilitoka lenyewe. Nikasimama na nguo mkononi. Sijui kama yeye aliligundua, maana alikaa kimya kidogo, redio ikawa inakoroma, halafu akaanza habari nyingine.

"Yule wa redio ya kijani kaja."

"Ilishatengenezwa?"

"Wapi. Iko wazi vile vile, nyaya nje. Nimempa hivyo hivyo. Akanipa pole tena, amesimama pale mlangoni kaikumbatia."

"Ukamjibuje?"

"Nimjibu nini mie? Nikamwambia betri zake ziko kabatini, nimezisahau, apite kesho."